Dodoso la wafanyakazi wa hospitali: kutoka 58% hadi 63%, tumepanda kweli au ni bahati tu?

Lahajedwali:
Habari wakuu. Hospitali inafanya dodoso la wafanyakazi kila mwaka: maswali 30, wodi na vitengo 24. Hatuchagui sampuli, kila mfanyakazi anatumiwa kiungo, na majibu hayana majina. Swali ambalo uongozi unalitazama kuliko yote ni "Ningemshauri mtu wa karibu yangu aje kufanya kazi hapa". Waliojibu "nakubali" na "nakubali sana" nawahesabu kama chanya.

Mwaka jana: waliotumiwa 980, waliojibu 412, chanya 239 (58.0%).
Mwaka huu: waliotumiwa 1,010, waliojibu 455, chanya 287 (63.1%).

Nimetafuta mipaka ya uhakika wa 95% kwa kila mwaka nikapata 53.2 hadi 62.8, na 58.6 hadi 67.5. Zinaingiliana, kwa hiyo nikaandika "hakuna mabadiliko". Mwenzangu anapinga: anasema tumewauliza wafanyakazi wote, basi jaribio la kitakwimu halina kazi hapa, 63 ni kubwa kuliko 58 na mjadala umekwisha. Nani yuko sahihi? Pia kuna wodi imetoka 7 kati ya 14 hadi 10 kati ya 14, na uongozi unataka kuipongeza hadharani. Nifanyeje?

Mizani:
Nyote wawili mmekosea, ila kila mtu kwa njia yake.

Tuanze na wewe. Kuingiliana kwa mipaka ya miaka miwili hakuthibitishi kwamba hakuna tofauti. Ukilinganisha mipaka kwa macho, unajumlisha makosa mawili (nusu ya upana wa mipaka ya kila mwaka) moja kwa moja: 4.8 + 4.4 = 9.2. Lakini makosa ya sampuli mbili zisizotegemeana hujumlishwa kwa mraba, kisha unachukua kipeuo cha pili: kipeuo cha pili cha (4.8² + 4.4²) ni kama 6.5. Maana yake, tofauti ya pointi 7 ingekuwa na umuhimu wa kitakwimu (si rahisi kuwa bahati tu) huku mipaka yako bado inaingiliana vizuri tu. Ukipenda kulinganisha kwa macho, chora mipaka ya 84% badala ya 95%. Makosa ya miaka yote miwili yakikaribiana ukubwa, mipaka ya 84% isiyogusana inakaribia sana p chini ya 0.05 (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama hakuna kilichobadilika).

Jaribio lenyewe ni la uwiano mbili. Fanya hivi:

1. Uwiano wa pamoja: (239 + 287) ÷ (412 + 455) = 0.6067.
2. Kosa sanifu (kipimo cha namba inavyoweza kuyumba kwa bahati): kipeuo cha pili cha [0.6067 × 0.3933 × (1/412 + 1/455)] = 0.0332.
3. z = (0.6308 − 0.5801) ÷ 0.0332 = 1.53.
4. Kwenye Excel: =2*(1-NORM.S.DIST(1.53,TRUE)). Inatoka 0.13.

Mipaka ya 95% ya tofauti yenyewe ni kutoka −1.4 hadi +11.6. Andika hiyo kwenye ripoti kabla ya kuandika p. Inasema data zako zinaendana na kushuka kidogo sana, na zinaendana pia na kupanda kwa pointi 11. Hicho si kitu kimoja na "hakuna mabadiliko".

Ukitumia R (programu ya takwimu), amri ya prop.test huweka sahihisho la Yates, linaloongeza p kidogo, bila kukuuliza na utapata 0.145. Watu hupoteza nusu siku wakitafuta kwa nini Excel na R havikubaliani. Weka correct=FALSE.

Jambo jingine: tumia idadi ya watu, usitumie asilimia zilizokwisha kukadiriwa. 57.6 na 62.4 zikiandikwa kwa namba nzima zinakuwa 58 na 62, na karibu pointi nzima imeshapotea kabla hujaanza. Na hakikisha walioruka swali au kujibu "halinihusu" wameondolewa kwenye idadi ya chini (ile unayogawanyia) miaka yote miwili. Mwaka mmoja wakiwemo, mwingine wametolewa, utapata "mabadiliko" yaliyotokana na lahajedwali.

Duara:
Mizani, hesabu yako iko sawa lakini umemwacha mwenzake Lahajedwali bila jibu, na hoja yake si ya kutupwa.

Fomula uliyotumia inachukulia kwamba waliojibu ni sehemu ndogo ya kundi lisilo na mwisho. Hapa wamejibu 412 kati ya 980, yaani 42%, na 455 kati ya 1,010, yaani 45%. Ukishawasikia karibu nusu ya watu wote, usichokijua ni nusu iliyobaki tu. Ndiyo maana kuna sahihisho la idadi yenye kikomo: unazidisha mraba wa kosa sanifu la kila mwaka kwa (N − n) ÷ (N − 1).

Mwaka jana: 568 ÷ 979 = 0.58. Mwaka huu: 555 ÷ 1,009 = 0.55.
Kosa sanifu la tofauti linashuka kutoka 0.0332 hadi 0.0250. z inakuwa 2.03, na p ni 0.04.

Data ni zilezile, na mshale wa ripoti umegeuka kijani, yaani "tumepanda". Wote wangejibu, N − n ingekuwa sifuri na kosa la sampuli lingekwisha kabisa. Hapo ndipo mwenzake angekuwa sahihi: 63 ni kubwa kuliko 58.

Mizani:
Nakubali hesabu, sikubali matumizi. Sahihisho hilo linajibu swali hili: "Je, wale watu 1,010 waliokuwa kwenye orodha ya mishahara mwezi ule walikuwa na maoni chanya zaidi kuliko wale 980 wa mwaka jana?" Uongozi hauulizi hilo. Unauliza kama hali ya kazi imebadilika kiasi kwamba hata watakaoajiriwa kesho wataikuta hivyo. Kwa swali hilo, hata wafanyakazi wote wa mwaka mmoja ni tokeo moja tu kati ya mengi ambayo yangeweza kutokea: nani yuko likizo, nani kahamia, wiki ile zamu zilikuwaje. Usitumie sahihisho. Na asiamue ni lipi atumie baada ya kuona lipi linampa 0.04.

Hojaji_Safi:
Mnabishana juu ya nukta ndogo wakati kubwa hamjaligusa. Fomula zenu zote mbili zinachukulia kwamba waliojibu wamepatikana kwa bahati nasibu. Hawakupatikana hivyo. Walijichagua wenyewe. Zaidi ya nusu hawakujibu, na hakuna fomula ya kosa sanifu inayojua kwa nini.

Lahajedwali, kabla ya kitu kingine chochote, gawanya waliojibu kwa kada, miaka yote miwili, na uweke pembeni idadi ya kila kada kwenye orodha ya watumishi. Wauguzi, madaktari, na wasaidizi na utawala zinatosha kuanzia. Leta hapa.

Lahajedwali:
Hizi hapa (orodha / waliojibu / chanya):

Mwaka jana
Wauguzi na wakunga: 520 / 210 / 107
Madaktari na matabibu: 150 / 72 / 40
Utawala na wasaidizi: 310 / 130 / 92

Mwaka huu
Wauguzi na wakunga: 535 / 190 / 101
Madaktari na matabibu: 155 / 70 / 40
Utawala na wasaidizi: 320 / 195 / 146

Hojaji_Safi:
Asante. Angalia kiwango cha uitikiaji. Utawala na wasaidizi wametoka 42% hadi 61%. Wauguzi wameshuka kutoka 40% hadi 36%. Kiwango cha jumla kilionekana kimetulia, 42 kwenda 45, lakini ndani yake watu wamebadilika.

Sasa tazama maoni: kundi la utawala na wasaidizi ndilo chanya kuliko yote (71% na 75%), wauguzi ndio wa chini (51% na 53%). Mwaka huu mmepokea fomu nyingi zaidi kutoka kundi lenye furaha na chache zaidi kutoka kundi lenye malalamiko. Hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyebadili mawazo, jumla ingepanda.

Dawa yake ni kuweka uzito. Chukua mgawanyo mmoja wa kada na uutumie kwa miaka yote miwili. Mimi nimetumia orodha ya mwaka huu: wauguzi 535 ÷ 1,010 = 0.530, madaktari 0.153, utawala na wasaidizi 0.317. Zidisha asilimia ya kila kada kwa uzito wake, jumlisha:

Mwaka jana: 0.530 × 51.0 + 0.153 × 55.6 + 0.317 × 70.8 = 57.9
Mwaka huu: 0.530 × 53.2 + 0.153 × 57.1 + 0.317 × 74.9 = 60.6

Pointi 5.1 zimebaki 2.7. Karibu nusu ya "maendeleo" ilikuwa mabadiliko ya nani amejibu.

Kosa sanifu: kwa kila kada na kila mwaka, chukua uzito kwa mraba × p(1 − p) ÷ n, jumlisha zote sita, tafuta kipeuo cha pili. Inatoka 0.0335. z = 0.81, p = 0.42. Duara asije akasema nimemnyima sahihisho lake: nikiliweka ndani ya kila kada, p inashuka hadi 0.29 tu. Kwa hiyo ubishi wenu wa 0.13 na 0.04 umejimaliza wenyewe.

Tahadhari mbili. Uzito unarekebisha kada tu. Kama ndani ya wauguzi wenyewe waliochoka ndio walioacha kujibu, hapo hauna msaada. Na usigawanye vipande vidogo mno, kada × umri × wodi × zamu: kipande chenye watu 3 waliojibu kikibeba uzito wa watu 40, matokeo yatayumba kwa sababu ya mtu mmoja. Kipande chenye chini ya watu 20 au 30 kiunganishe na jirani yake.

Duara:
Sawa, hapo nimeelewa, kada zimeamua. Swali langu linabaki pale ambapo muundo wa waliojibu haujabadilika na uitikiaji uko juu, tuseme 85%. Hapo kutotumia sahihisho ni kujinyima taarifa.

Kuna kitu kingine ambacho kinasukuma upande huohuo: wengi wa waliojibu mwaka huu ndio walewale wa mwaka jana. Jaribio la uwiano mbili linachukulia watu tofauti kabisa. Mtu yuleyule akijibu mara mbili, majibu yake hufanana, na kufanana huko kunapunguza kosa la tofauti. Tuseme watu 250 wamejibu miaka yote miwili na majibu yao yana uhusiano wa 0.5. Kwenye mraba wa kosa sanifu unatoa mara mbili ya: 0.5 × 250 × 0.494 × 0.483 ÷ (412 × 455). Kwa jumla ile isiyo na uzito, kosa sanifu linatoka 0.0332 hadi 0.0280, p inakuwa 0.07. Kwa hiyo jaribio la kawaida lina tabia ya kuwa kali mno, si legevu.

Mizani:
Kweli, lakini 250 na 0.5 umezitoa wapi? Dodoso halina majina. Mtu akisharuhusiwa kukisia namba mbili anaweza kufika popote anapotaka. Mimi ningeziandika kama "tukichukulia hivi, inakuwa hivi" na kuziacha nje ya jedwali kuu.

Njia ya kuaminika ni msimbo ambao mtu anajitengenezea mwenyewe na anaweza kuukumbuka mwaka unaofuata. Ukishaunganisha, unatumia jaribio la McNemar, ambalo linawatazama waliobadilika tu. Waliohama kutoka hasi kwenda chanya wakiwa 38 na waliorudi nyuma 22: z = (38 − 22) ÷ kipeuo cha pili cha 60 = 2.07, p = 0.04. Ila msimbo una gharama yake. Kwenye wodi ya watu 12, msimbo wenye siku ya kuzaliwa ni sawa na jina, na watu wakishashuku hivyo watajaza wanachodhani kinatakiwa. Mara nyingi bora ukose uhusiano wa miaka kuliko ukose ukweli.

Lahajedwali:
Nimewaelewa kuhusu swali kuu. Sasa vipi maswali 30? Nimeyafanyia yote jaribio (kwa uzito): 7 yana p chini ya 0.05. Nayo: 0.0004, 0.0021, 0.0046, 0.011, 0.019, 0.031, 0.042. Na ile wodi?

Hojaji_Safi:
Maswali 30 kwa kipimo cha 0.05 yatakupa kwa wastani "mabadiliko" 1.5 hata kama hakuna kitu kilichotokea. Ukishuka hadi wodi 24 × maswali 30 una majaribio 720, na 36 yatang'aa kwa bahati tupu. Hapo ndipo ripoti nyingi za rangi zinapoharibika: mtu anachagua zile 36, anaziandikia maelezo, na maelezo hayakosekani kamwe.

Kwa maswali 30 tumia utaratibu wa Benjamini na Hochberg (1995). Panga p kutoka ndogo hadi kubwa. Linganisha ya kwanza na 1 × 0.05 ÷ 30 = 0.0017, ya pili na 0.0033, ya tatu na 0.0050, ya nne na 0.0067, uendelee hivyo hadi mwisho. Tafuta ya mwisho kabisa kwenye orodha ambayo bado iko ndani ya kizingiti chake. Hiyo na zote zilizo juu yake zinapita. Kwako 0.0046 iko ndani ya 0.0050, lakini 0.011 imezidi 0.0067, na zilizobaki zote zimezidi pia. Maswali matatu yamepita, manne hayajapita. Bonferroni, yaani kulinganisha kila p na 0.05 ÷ 30, ingekuachia moja tu (0.0004), na kwa maswali ya dodoso ambayo yanahusiana yenyewe kwa yenyewe huo ni ukali uliopitiliza.

Swali kuu lililochaguliwa kabla ya data kufunguliwa unaweza kulijaribu peke yake bila kulipia mengine. Sharti ni "kabla".

Wodi: 7/14 na 10/14. Kwa namba hizi achana na z, tumia jaribio halisi la Fisher. p = 0.44. Watu watatu tu ndio tofauti yote. Tena uliza kama wodi hiyo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa miongoni mwa za chini mwaka jana. Za chini sana huwa na tabia ya kupanda mwaka unaofuata bila kufanyiwa chochote, kwa kuwa sehemu ya uchini wao ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya hairudi kwa ratiba. Wapongezeni kwa kazi waliyoifanya kama ipo, si kwa namba hii. Kwa wodi ndogo unganisha miaka miwili miwili, au maswali yanayopima kitu kimoja. Na matokeo ya chini ya watu 10 usiyachapishe kabisa, hiyo ni kwa usiri wao.

Mizani:
Naongeza mtego mmoja wa wodi: "Wodi A imepanda na ina umuhimu, wodi B haina, kwa hiyo A imefanya vizuri kuliko B." Hapana. A ikiwa +7 na kosa sanifu 3, z ni 2.3. B ikiwa +5 na kosa sanifu 3, z ni 1.7. Tofauti kati yao ni pointi 2 na kosa sanifu 4.2, yaani z ya 0.5. Ukitaka kusema A imeishinda B, jaribu tofauti ya tofauti.

Kuhusu ukubwa: p haisemi kama badiliko lina maana kwa mtu anayefanya kazi pale. AHRQ ya Marekani (wakala wa serikali wa utafiti na ubora wa huduma za afya), kwenye dodoso lake la utamaduni wa usalama wa mgonjwa hospitalini, hutumia pointi 5 kama kipimo cha haraka cha tofauti inayostahili kuangaliwa. Si sheria ya asili, lakini kuwa na kizingiti kilichoandikwa mapema ni afadhali kuliko kubishana baada ya kuona matokeo. Hospitali yenye majibu 9,000 kwa mwaka itapata umuhimu wa kitakwimu kwa pointi moja na nusu tu. Yako haiwezi. Kuona badiliko la pointi 5 karibu na 60%, kwa nguvu ya 80% (uwezekano wa kuliona badiliko kama lipo), unahitaji:

(1.96 + 0.84)² × 2 × 0.6 × 0.4 ÷ 0.05² = kama 1,505 waliojibu kila mwaka.

Hata wafanyakazi wako wote wakijibu, hufiki. Kwa pointi 10 ni kama 376, hiyo unayo. Waambie uongozi mapema kwamba chombo hiki, kwa mwaka mmoja mmoja, kinaona pointi 9 au 10 kwenda juu. Madogo zaidi ya hapo yasubiri mfululizo wa miaka minne mitano, si mshale wa mwaka mmoja.

Duara:
Kwa pale unapotumia hesabu ya Mizani isiyo na sahihisho, ndiyo.

Mkuu, kama mna alama za wastani (1 hadi 5, au 0 hadi 10) badala ya asilimia, ni jaribio la t la Welch (la kulinganisha wastani mbili) na unahitaji mchepuko sanifu wa watu, si wa wodi. Ripoti za dodoso la wafanyakazi wa NHS (huduma ya afya ya umma) huko Uingereza huweka jedwali la namna hiyo: alama ya mwaka uliopita, ya mwaka huu, idadi ya waliojibu, na matokeo ya jaribio la t la pande mbili kwa 95%. Ni mfano mzuri wa kunakili, kwa sababu idadi ya waliojibu iko mstari mmoja na alama na hakuna pa kuificha.

Lahajedwali:
Nimebadilisha. Mstari wa swali kuu sasa unasomeka: "57.9% hadi 60.6% baada ya uzito wa kada, tofauti +2.7 (−3.9 hadi +9.3), waliojibu 412 na 455, uitikiaji wa wauguzi umeshuka kutoka 40% hadi 36%." Mshale nimeutoa. Mwakani wanataka kubadilisha maneno ya swali liwe "Ninajivunia kufanya kazi hapa". Naweza kuendelea na mfululizo?

Hojaji_Safi:
Hapana, hilo ni swali jingine na mfululizo wake unaanza upya. Kama lazima libadilike, mwaka mmoja liulizeni kwa namna zote mbili: nusu ya viungo, vilivyogawanywa kwa bahati nasibu ndani ya kila kada, vibebe swali la zamani na nusu lipya. Kwa majibu kama 450 utakadiria pengo la maneno kwa kosa la pointi 9 hivi kila upande, ambalo ni pana, lakini angalau utajua kama ni pengo la 3 au la 20. Msibadilishe pia mwezi wa kukusanya wala mpangilio wa maswali mwaka huohuo. Na mwakani kumbusheni wauguzi wa zamu ya usiku kwa njia isiyo barua pepe ya kazini. Uitikiaji wa wauguzi wa 36% ndio shimo kubwa kwenye data hizi.